Fomu ya Zambarau

Nchi yenyewe sitaitaja. Siogopi, la hasha. Ni adabu tu, maana nchi ile haipendi kutajwa kabla haijajipodoa. Ninachoweza kusema ni kwamba ina milima, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti tisa, na ina vijana wengi kuliko kazi. Basi kila wiki ndege mbili hupakia wasichana wenye mabegi mapya na kuwapeleka Ng'ambo Kavu, kwenye jangwa na mafuta, wakafue, wapike na walee watoto wa watu. Serikali huwaita Mabalozi wa Jasho. Siku ya kuondoka kila mmoja hupewa kofia na kupigiwa makofi.

Sasa, ukiwa na mabalozi elfu themanini hukosi wawili watatu wanaofungiwa ndani, wanaonyang'anywa hati za kusafiria, wanaomwagiwa maji ya moto kwa sababu wali umeshika ukoko. Serikali ina mambo mengi jamani, haiwezi kufuatilia ukoko. Kazi hiyo imeachiwa shirika la hisani liitwalo Mkono wa Pole, lenye vyumba viwili juu ya duka la magodoro.

Huko ndiko Sikudhani alikokwenda Jumanne moja, saa mbili asubuhi, na barua ya chuo mkononi. Alikuwa mwaka wa pili, anasomea ustawi wa jamii, na chuo chake kilimtaka kila mwanafunzi ajitolee mwezi mzima kwa hiari yake, la sivyo asifanye mtihani. Lakini Sikudhani, msimdhanie vibaya, alikwenda kwa moyo. Alitaka kumsaidia mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai? Kunywa sasa hivi. Simu zikianza, chai haishuki."

Huyo alikuwa Mama Eufrasia, mkurugenzi, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Alimwonyesha meza, simu, na droo mbili. Kisha akampa kanuni ya kwanza ya kazi, kwamba pale hapana kulia, kwa sababu machozi huharibu wino.

Katika droo ya kushoto kulikuwa na Fomu Nyeupe, kurasa arobaini na sita. Hiyo ni ya Balozi aliye hai na ana shida. Anatakiwa aambatishe hati yake ya kusafiria, ile aliyonyang'anywa. Picha yake akiwa na mwajiri wake, wote wakitabasamu. Barua ya mwajiri akikiri kwamba kweli anamtesa, yenye mhuri. Kisha aje mwenyewe ofisini, atie dole gumba mbele ya shahidi.

"Mama, atakujaje mwenyewe na kafungiwa huko?" Sikudhani aliuliza.

"Hilo ni ukurasa wa arobaini na tatu. Panaitwa Sababu za Kutofika. Ukipajaza, fomu inakuwa haijakamilika."

"Na ikikamilika, inachukua muda gani?"

"Miezi kumi na minane, ikiwa mhusika bado yupo."

Katika droo ya kulia kulikuwa na Fomu ya Zambarau, nusu ukurasa, karatasi nzuri nene yenye mstari wa dhahabu. Hiyo ni ya Balozi aliyefariki. Inataka jina, wilaya atokako, anuani ya nyumba, na urefu wake ili apatikane jeneza. Na Fomu ya Zambarau, ndugu zangu, huchukua saa saba.

Mnashangaa? Msishangae. Miaka mitatu nyuma Mkuu wa Nchi alikwenda uwanja wa ndege kumpokea mfalme fulani, mfalme akachelewa, na kwa bahati mbaya Mkuu akapita mbele ya jeneza la msichana mmoja lililokuwa likishushwa pamoja na mizigo. Mkuu akatoa leso, akajifuta jicho. Picha ile ilienea nchi nzima, wapinzani wenyewe wakasema mzee ana utu. Kesho yake ikatungwa Kanuni ya Saa Saba za Heshima: kila Balozi anayefia Ng'ambo Kavu arudishwe ndani ya saa saba, kwa ndege maalumu, apokewe na Waziri, hema, zulia na bendi. Ama kweli, kufa kufaana.

* * *

Simu ya kwanza ililia saa mbili na robo. Msichana alisema amevunjika mkono wiki ya tatu sasa na anafulia mkono mmoja. Sikudhani akatoa Fomu Nyeupe, akaandika, na roho ikamuuma hasa. Alilazimika kutazama dari ili asiharibu wino. Ya pili, msichana halipwi wala halali. Ya tatu ilikuwa kilio kitupu, kisha ikakatika. Ya nne, ya tano. Ilipofika ya sita, ya mwenye jicho lisiloona tena kwa sababu ya jiki, Sikudhani alijikuta anauliza, "Jicho la kulia au la kushoto?" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza ukubwa wa kiatu.

Alishtuka kidogo kujisikia. Halafu hata ule mshtuko ukaisha. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na kusema kweli ilikuwa nafuu.

"Umeshazoea," Mama Eufrasia alimsifu. "Wengine huchukua wiki."

Saa tatu na nusu ikaja simu ya Mwanatumu.

Mwanatumu alizungumza kwa kunong'ona, amejifungia chooni na simu aliyoiokota kwenye nguo chafu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisema mwajiri wake amemwambia ajifungashe. Alasiri atapelekwa kwa kaka wa mwajiri, kwenye shamba la ngamia, kilomita mia tatu jangwani.

"Yule aliyenitangulia alipelekwa huko," alisema. "Mpishi anasema hata viatu vyake vilirudi bila yeye. Ndugu yangu, mimi sitaki mshahara, sitaki kitu. Nitoeni tu kabla ya alasiri."

Sikudhani akatazama saa ya ukutani. Akatazama Fomu Nyeupe, kurasa arobaini na sita, miezi kumi na minane. Halafu mkono wake wenyewe ukaenda kwenye droo ya kulia.

"Dada Mwanatumu," alisema, "nikikuandika umekufa, utachukia?"

Huko chooni maji yalisikika yakidondoka.

"Andika," Mwanatumu alisema. "Tena andika upesi."

"Urefu wako?"

"Wastani."

Mama Eufrasia akagonga mhuri bila kusoma, akasema, "Mungu amlaze pema," akaituma. Hazikupita dakika tano Wizara ikapiga simu kutoa shukrani. Wiki nzima walikuwa hawajapata hata mmoja, hema limekodiwa, bendi inakula bure, na Mheshimiwa Waziri alikuwa ameanza kupata wasiwasi juu ya nafasi yake.

* * *

Saa tano kasoro simu ililia tena. Alikuwa Bwana Lwambo, karani wa ubalozi huko Ng'ambo Kavu, na alikuwa akifoka.

"Nani kajaza fomu hii? Nimekwenda na jeneza na polisi wawili, nimegonga mlango, na marehemu wako kaniamkia! Kaniambia shikamoo!"

"Ukamjibuje?" Sikudhani aliuliza, maana ndilo lililomjia.

"Nikamwambia marahaba, ningefanya nini? Sasa sikiliza, binti. Jeneza nimelitoa stoo kwa sahihi yangu. Jeneza la serikali halirudi stoo tupu. Likirudi tupu inabidi niandike barua ya maelezo, nakala nane, na mimi barua ya maelezo siandiki, nina miezi minne nistaafu."

"Basi mpandishe ndege akiwa hai, baba. Jeneza liende pembeni."

"Hawezi. Mwajiri anasema akitoka na miguu yake ni mtoro, na mtoro polisi hao hao watamrudisha. Lakini maiti hana neno naye, kashasaini achukuliwe." Bwana Lwambo akapunguza sauti. "Nimezungumza naye huyu dada. Amekubali kulala humo. Nimetoboa matundu manne upande wa kichwani, nimebakisha skrubu mbili za kukaza kwa vidole. Bendera nitaitandika legelege. Mkimpokea, waambie wasiikandamize bendera. Umenisikia? Akishushwa tu, afunguliwe."

Sikudhani akaandika: bendera isikandamizwe, afunguliwe. Kisha akaenda kwa Mama Eufrasia akamwambia yote, tangu choo mpaka matundu.

Mama Eufrasia alimsikiliza hadi mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sijasikia," alisema. "Na wewe hujasema. Nimekaa kiti hiki miaka kumi na mmoja, mwanangu. Unajua Fomu Nyeupe imerudisha wangapi?"

"Wangapi, Mama?"

"Kunywa chai."

Akamkabidhi kazi ya mchana. Mkono wa Pole hupeleka mtu mmoja uwanja wa ndege kumshika kiwiko mama mfiwa, asije akaanguka juu ya zulia. Na akamwonya kwamba mfiwa asiambiwe lolote, kwa sababu akijua mwanawe yu hai hatalia, na asipolia Waziri ataonekana analia peke yake.

* * *

Bi Zaina, mama yake Mwanatumu, aliletwa kwa gari la Wizara akiwa na kanga ya shambani na matope miguuni. Tangazo lilimkuta anapalilia. Hakuwa analia. Alikuwa ametoa macho, na kila mara anauliza, "Ni Mwanatumu yupi? Wako wengi." Sikudhani alimshika kiwiko. Kilikuwa kikavu na chepesi.

Ndege ilitua saa kumi na dakika tano, na Wizara ikatangaza kwa kipaza sauti kwamba wamewahi kwa dakika ishirini na tano. Watu wakapiga makofi. Jeneza likashushwa, likawekwa juu ya meza kwenye zulia, na bendera kweli ilikuwa imetandikwa legelege kama mtandio.

Ofisa itifaki aliona. Alikuwa kijana aliyenyooka, mwenye glavu nyeupe. Akaivuta bendera pande zote nne, akaifunga kwa kamba za mpira hadi haina hata kunyanzi, kisha wakaleta mashada matatu ya maua, la Mkuu wa Nchi, la Waziri na la chama cha wasafirishaji wa mabalozi, yakapangwa yote upande wa kichwani.

"Mama," Sikudhani alimnong'oneza Mama Eufrasia, aliyekuja kuliwakilisha shirika, "matundu yako hapo."

"Naona."

"Bendera ilegezwe."

"Bendera ya taifa hailegezwi, mwanangu. Ni miaka saba jela. Omba Waziri afupishe."

Dua la kuku hilo. Mheshimiwa Waziri wa Wanaoondoka na Wanaorudi alipanda jukwaani na karatasi nene, akakohoa, akaanza.

"Ndugu wananchi! Wahenga walinena, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nasi serikali ya awamu hii tunaongeza: hata akirejea amelala, amerejea! Chini ya utawala uliopita, mwili ulichukua siku kumi na moja. Siku kumi na moja! Leo ni saa sita na dakika thelathini na tano. Majirani wametuma wajumbe kuja kujifunza. Wako watu wachache, wenye husuda, wanaouliza mabalozi wetu wanakufa kwa nini. Hilo si swali la mzalendo. Mzalendo anauliza: wanafika saa ngapi?"

Bendi ikapiga kidogo. Waziri akaendelea. Akaeleza habari ya ndege mpya, habari ya zulia lililosukwa na akina mama wajasiriamali, habari ya utoto wake mwenyewe. Jua lilikuwa kali juu ya ile bendera. Sikudhani alikuwa akihesabu: dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Alijua kabisa kwamba mtu anakosa hewa hatua sita kutoka alipo. Alijua kama mtu anavyojua jibu la mtihani. Aliisubiri hofu ije imsukume na haikuja. Alichohisi ni kiatu kumbana kisigino.

Akainama kwenye sikio la Bi Zaina. "Mama," alisema, "mwanao yu hai."

Bi Zaina akamgusa shavu. "Ahsante, mwanangu. Hata shehe kaniambia hivyo hivyo."

"Hapana, mama. Yu hai kweli."

"Ndiyo, kipenzi. Kwa Mola wote wako hai."

Waziri akamaliza, akatoa leso, akawaomba wote wasimame kimya. Mtu wa kawaida hupewa dakika moja. Balozi wa Jasho hupewa tatu. Ofisa itifaki akainua saa yake. Umati ukanyamaza, bendi ikanyamaza, hata ndege iliyokuwa ikiunguruma ikazimwa.

Na ndani ya kimya kile jeneza likagonga. Ko. Ko. Ko.

Walisikia wote, msidanganyike. Mpiga tarumbeta aliangalia mbingu. Waziri alifumba macho kwa nguvu zaidi. Mama Eufrasia alishika msalaba wake shingoni. Mpiga picha alishusha kamera, akatazama kulia na kushoto aone wakubwa wanafanyaje, na wakubwa walikuwa wamesimama wima, kwa hiyo naye akasimama wima. Hakuna aliyejongea, kwa kuwa zilikuwa zimebaki dakika mbili na sekunde kumi, na kimya cha taifa hakivunjwi.

Ko, ko, likagonga tena, taratibu kidogo kuliko mwanzo.

Sikudhani alitaka kwenda. Nasema alitaka, nami namwamini. Lakini alijikuta anaitazama saa ya ofisa itifaki pamoja na wenzake: dakika moja na hamsini, dakika moja na arobaini na tano. Aliona aibu, ila aibu yenyewe ilikuwa mbali, upande wa pili wa ukuta.

Ko.

Kiwiko kikachomoka mkononi mwake.

"Nyie watu!" Bi Zaina alipiga kelele. "Mwanangu anagonga na nyie mmesimama!"

"Bibi, bado dakika moja na nusu!" ofisa itifaki alisema kwa huzuni ya kweli.

Bi Zaina alikwishafika. Shada la Mkuu wa Nchi likaruka huku, la Waziri kule. Akaing'ata ile kamba ya mpira kwa meno yaliyobaki, akaivuta bendera ikaanguka chini, chini kabisa, juu ya tope la miguu yake. Akageuka akamwona Sikudhani. "We binti! Shika huku!" Na Sikudhani, aliyekuwa ameshinda kutwa akitii, akatii. Akashika skrubu moja, Bi Zaina nyingine, wakasokota, kifuniko kikafunguka.

Mwanatumu alikuwa amelowa jasho mwili mzima, midomo imekuwa ya kijivu, kucha mbili zimeng'oka. Alivuta pumzi moja ndefu yenye sauti mbaya, kisha nyingine, na mama yake akamrukia, akamkumbatia, akalia kilio ambacho hata Wizara isingeweza kukikodi. "Mwanatumu wangu! Ndiye! Ndiye huyu!"

Ofisa itifaki alimnong'oneza Waziri. Waziri akafumbua macho, akatazama, na hapo ndipo mtu unapojua kwa nini wengine ni mawaziri na sisi ni sisi. Akasogeza kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mmejionea wenyewe! Hii ndiyo kasi tunayoisema. Marehemu anafika hata hajamaliza kufa!"

Makofi yalidumu kuliko kile kimya. Bendi ikapiga beti zote tisa. Wajumbe wa nchi jirani waliandika kwenye madaftari yao, na magazeti ya kesho yake yakasema ni mwili wa kwanza kurejeshwa ukiwa katika hali nzuri namna ile.

* * *

Walimkalisha Mwanatumu ukingoni mwa zulia, wakampa maji. Alikunywa vikombe vinne. Mama yake alikuwa nyuma yake, amemshika mabega kwa mikono miwili, hataki kumwachia hata kwa daktari.

"Wewe ndiye wa kwenye simu?" Mwanatumu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ni mimi, dada."

"Nilidhani wewe mtu mzima."

Sikudhani akapiga magoti mbele yake. Alitaka kumwomba radhi kwa zile dakika tatu, kwamba alisikia na akasimama. Hata machozi hayakuja. Alikaa tu akizitazama zile kucha.

"Sikiliza," Mwanatumu alisema. "Nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta, wako wasichana watatu wa kwetu. Wamefungiwa kama mimi. Waliniona dirishani naingia kwenye sanduku. Mmoja akanipigia ishara, akanirushia kijikaratasi kabla karani hajafunga." Akafungua kiganja. Karatasi ilikuwa imelowa, lakini maandishi yalisomeka. "Wanauliza, ni lazima mtu afe kwanza, au iko njia nyingine?"

Sikudhani akainua macho. Waziri alikuwa anapigwa picha na jeneza. Mama Eufrasia alikuwa amesimama hatua mbili tu, amesikia kila neno; alipoona anatazamwa akageuza uso, akaanza kuokota maua.

"Kwa sasa haipo," Sikudhani alisema, akatoa kalamu. "Nitajie majina yao."